Ua la Boga kwa Jicho Lisilo na Lenzi

Kama macho yako yamekuwa mekundu na jirani amekuambia ni moshi wa volkano, mshukuru, muage, kisha uende hospitali. Mimi ni mtu wa Goma na siusemi vibaya mji wangu. Lakini hapa kwetu mlima umebebeshwa kila lawama. Nguo zikianikwa zikatoka na madoa, ni volkano. Mtoto akikohoa, ni volkano. Jicho likiwasha, likavimba, likakataa mwanga wa asubuhi, avenue nzima, yaani mtaa wote, inakukatia hukumu: ni volkano tu, itapita. Na kwa kuwa mara nyingi inapita kweli, mtu anakaa anangoja.

Jina langu ni Masika, ila mtaani kwetu Majengo wananiita Mama Gloire, kwa jina la binti yangu anayesoma Butembo. Mume wangu Kambale, yaani Papa Gloire, na mimi tuna studio ndogo ya picha. Mimi napiga, yeye anakaa kwenye kompyuta anafanya montage, kuzipanga na kuzisafisha. Harusi, dot ambayo ni sherehe ya kutoa mahari, ubatizo, komunyo ya kwanza, hayo ndiyo yaliyotulisha. Kwa hiyo nikisimulia habari ya macho na sauti ikapanda, mnivumilie.

Lilianza jicho la kuume, wakati wa kiangazi, vumbi la mawe meusi likiwa limeshika kila kitu hadi mswaki. Nilinunua dawa ya matone sokoni, ile chupa ndogo ambayo kila mtu anaijua kwa sura na hakuna anayejua jina lake. Ikanituliza. Nikanunua nyingine, na nyingine tena. Dawa ikiisha, maumivu yanarudi na ndugu zake. Msimu ule wote nilipiga harusi nikiwa nimefumba jicho moja nyuma ya kamera, na hakuna aliyeshtuka, maana fotografa hufumba jicho moja hata akiwa mzima. Kazi yangu yenyewe ndiyo iliyonifichia ugonjwa. Nilifumba la kuume kwa sababu linauma, na sikujua ni tangu lini lilikuwa halioni.

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliumbuka kwenye dot ya familia moja ya Masisi, kufikia hapo la kushoto nalo limeingia ukungu. Nikamwambia bibi harusi asogee kidogo, asogee tena, ainue kidevu. Shangazi yake akaja akanishika mkono kwa upole.

“Mama,” akasema, “hiyo yenye uko naongelesha ni rido.”

Nilikuwa nazungumza na pazia. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikaketi juu ya jiwe mpaka Papa Gloire akaja kunichukua.

Daktari wa macho alikuwa na sauti ndogo. Akamulika, akamulika tena.

“Mama, jicho ya kuume ilishaenda,” akasema. “Ile hatuwezi kuirudisha. Tushike hii ya kushoto.”

Tangu siku ile maisha yangu yote yalikuwa hayo maneno matatu: tushike ya kushoto. Niliamka nayo, nikalala nayo.

Sasa niseme juu ya mbao za kukalia ukingojea hospitalini, kwa sababu wewe unayesoma haya huenda umekaa juu ya mojawapo. Ni ngumu, na asubuhi ni baridi. Kila mtu amefungwa jicho, kila mtu ameinama, na jina likiitwa wote wanainua vichwa, hata asiyeitwa. Pembeni yangu alikuwa akikaa mama mmoja wa Rutshuru, mkulima wa maharagwe, mtu wa maneno machache. Alikuwa akija na parachichi ndani ya kitenge, analipasua na kunipa nusu bila kuniuliza kama nina njaa. Jina langu likiitwa ananigonga goti na kuniambia, “Komera,” ndivyo Wanyarwanda wanavyomwambia mtu jikaze. Nilijikaza kwa ajili yake. Halafu ikafika siku ya rendez-vous, ya kurudi kwa daktari, na mahali pake pakawa patupu, barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa tena. Ikafika nyingine, vilevile. Sikumwona tena na sijui jicho lake liliishia wapi. Mpaka leo nikila parachichi namkumbuka na roho inaniuma.

Sindano ya kando ya jicho siwezi kuisimulia, wala sitajaribu. Nitasema tu kwamba alikuwapo muuguzi mmoja aliyekuwa akijitaja kabla ya kunigusa. “Mama Gloire, ni mimi, naweka mukono.” Kila mara. Ukiwa huoni, mkono usiojitangaza unatisha kuliko sindano. Kama unamuuguza mtu wa macho nyumbani kwako, jifunze hilo kabla ya kujifunza dawa.

Mvua za Septemba ziliponyesha, wakanipasua jicho la kushoto. Lenzi ya ndani ilikuwa imeganda, wakaitoa. Ilitakiwa kuwekwa nyingine, lakini pale inapokaa palikuwa pamechoka kwa ugonjwa, hapakuweza kuishikilia. Wakaniacha na jicho lisilo na lenzi, wakanipa miwani mizito kama kitako cha chupa.

Ndani ya miwani ile dunia ilikuwa kubwa mno na karibu mno. Nilimimina chai pembeni ya kikombe. Niliinua mguu kupanda jiwe ambalo bado liko mbali, na Majengo ni mawe matupu, kwa hiyo magoti yangu yalijaa vidonda vya kitoto. Mtoto wa jirani akaliona jicho langu nyuma ya kioo, kubwa kama la ng'ombe, akaangua kilio. Nikamwambia alie tu, hata mimi nililia.

Kazi akaichukua Papa Gloire. Ni fundi wa montage, simnyimi haki yake, lakini ukimpa kamera atamkata kichwa mama mkwe. Na alimkata kweli, katika harusi ya watu wanaojulikana, picha nzima ikabaki kitenge na mkufu. Wateja wakaanza kutusalimu kwa mbali. Nyumbani tukawa watu wa kupeana chumvi bila neno.

Ni katika miezi hiyo, nikiwa nimevua miwani ili pua ipumzike, ndipo nilipoona.

Nyuma ya nyumba yetu kuna udongo kidogo kati ya mawe, na hapo tumepanda maboga kwa ajili ya majani. Yalikuwa yametoa maua. Bila miwani niliona madoa ya njano tu, lakini kwenye kingo za yale madoa palikuwa na nuru nyingine. Haikuwa bluu, haikuwa nyeupe, ilikaa katikati ya hizo mbili, na sikuwahi kuiona katika maisha yangu yote ya kupiga picha. Nikatoboa kitundu kwenye karatasi ngumu ya boksi la dawa, nikachungulia kama daktari alivyonifundisha kufanya siku miwani ikipotea. Ua likakaa sawasawa. Kingo zilikuwa na ile nuru, na katikati, pale chini ambako nyuki anaingia, haikuwapo. Palikuwa na duara la njano tupu.

Nikamwita mume wangu. Akainama, akaangalia.

“Iko ua ya boga tu,” akasema. “Mimi sione kitu.”

“Angalia kandokando.”

“Mama Gloire, nimeangalia.”

Kosa langu ni kwamba sikunyamaza. Nilimwambia kila aliyekuja kunisalimu. Habari ikamfikia wifi yangu Kavugho, mwanamke wa maombi, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Akaja na chupa ya mafuta.

“Mutu muzima haonake rangi yenye wengine hawaone,” akasema. “Hii kitu iko na mulango yenye iliingilia. Tufunge, tuombe.”

“Mulango ni ile yenye daktari alipasua,” nikamjibu. “Ombea daktari.”

Alinipaka mafuta hata hivyo. Hilo halikuniumiza. Kilichoniumiza ni Papa Gloire kusimama pale mlangoni bila kunitetea. Nilijua anachofikiri: jicho limekwenda, sasa na kichwa kinafuata. Nilimkasirikia hasira ambayo sikuwa nayo hata kwa ugonjwa.

Kwenye rendez-vous iliyofuata nikamweleza daktari, kwa aibu, sauti chini. Hakucheka.

“Lenzi yenye ulizaliwa nayo ilikuwa inazuia aina moja ya mwanga,” akasema. “Sasa hakuna kitu ya kuzuia. Nyuki wanaionaka kila siku.”

Akaendelea na mambo yake ya kuandika dawa. Mimi nilibaki nimekaa. Aliyonieleza nilikuwa nayajua, ila kwa upande wa kamera. Kila kamera ya siku hizi ina kioo chembamba ndani, mbele ya pale picha inapoandikwa, kazi yake ni kuzuia mwanga ambao jicho la mtu haliuoni. Basi kama mimi wameniondolea changu, kamera nayo iondolewe chake, na Papa Gloire aone.

Tulikuwa na kamera ya zamani iliyolala kabatini. Nikaipeleka kwa fundi wa simu, akaifungua, akakitoa kile kioo kwa kibano huku akiniuliza kama kweli nimefikiri vizuri. Kilichobaki ni chujio cha kuwekwa mbele ya lenzi, kioo cheusi kinachozuia mwanga wote isipokuwa ule mmoja. Goma hakuna. Binamu yangu aliyeko Kampala akakipata, akampa mfanyabiashara, na kwa kuwa njia ya mpakani Bunagana ilikuwa leo wazi kesho imefungwa, kikazunguka nchi za watu kabla ya kunifikia ndani ya soksi. Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. Niliogopa maboga yatamaliza maua kabla.

Picha za kwanza zilikuwa giza. Ule mwanga ni kidogo hata jua likiwa kali, kwa hiyo kamera inabidi ikae wazi muda mrefu, na upepo wa ziwa haungoji mtu. Lenzi zetu mpya zilikuwa zinaukataa kabisa, nikatafuta moja ya zamani isiyo na urembo wowote uliopakwa juu ya kioo. Nikaweka kamera juu ya mguu wake wa kusimamia, nikalizungushia ua maboksi kuzuia upepo. Ukilenga kwa rangi za kawaida, picha inatoka na ukungu, inabidi usogeze kidogo na kubahatisha. Papa Gloire alinishikia boksi kwa sababu hapakuwa na kazi nyingine, akiwa na uso wa mtu anayemshikia mgonjwa beseni.

Halafu siku moja mbele ya kompyuta akaacha kuhema kwa sauti. Yeye huhema kwa nguvu akifanya kazi, nikasikia kimya.

“Iko na alama,” akasema.

Kwenye picha, petali zilikuwa zinang'aa kingoni, na katikati palikuwa na duara jeusi, limekatwa vizuri, kama mtu amelichora kwa makusudi. Nikaweka boksi langu la kitundu mkononi mwake ili aone nilivyokuwa naona. Hakulitazama. Alinishika mkono akakaa nao.

“Unisamehe,” akasema. “Nilizania nakupoteza.”

“Ulinyamaza mbele ya dada yako.”

“Ndiyo. Nilikuwa na woga.”

Nikamsamehe, lakini kwanza nikamwacha akae na aibu yake kidogo. Wifi Kavugho alipokuja tukamwonyesha. Akaitazama picha muda mrefu.

“Sasa hii yote ilitiwa pale juu ya nyuki?”

“Ndiyo, kwa ajili ya nyuki.”

“Na sisi?”

“Sisi tulipewa majani, tukule.”

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge chake. Mafuta hakuyaleta tena, ila maombi aliendelea, na nilishukuru.

Kuanzia hapo tulikuwa na kazi. Haikuwa na faida, na ndiyo iliyotushika. Asubuhi napiga ua lilelile mara mbili, mara moja kwa kamera ya kawaida, mara moja kwa ile iliyofunguliwa, bila kusogeza mguu. Papa Gloire anaziunganisha. Nyekundu anaitupa, maana nyuki haioni. Kijani anakipeleka kwenye nafasi ya nyekundu, bluu kwenye nafasi ya kijani, na ule mwanga wetu anaupa bluu. Hivyo unapata jinsi mdudu anavyoona, kwa kukisia, kwa sababu hakuna mdudu aliyekuja kutusahihisha. Majani yanakuwa hafifu, yanarudi nyuma. Ua la njano linatoka na rangi ya zambarau, na moyo wake mwekundu. Alizeti la jirani lilikuwa na pete kubwa ya giza iliyozunguka katikati. Tukapiga na shada la plastiki la studio, lile la kuwashikisha maharusi. Lilitoka limekufa, rangi moja, halina pa kuingilia.

Mimi ndiye niliyekuwa nachagua. Navua miwani, nachungulia kwenye kitundu, nasema hili lina alama, hili halina, na kamera inathibitisha. Kwa mtu aliyeambiwa haoni, hiyo ilikuwa raha kubwa, na nakiri ilinipumbaza kidogo.

Maana kiangazi kilipofika, daktari alituita wote wawili. Anakuja mpasuaji kutoka mbali, atakaa siku chache, anajua kushona lenzi ndani ya jicho ambalo haliwezi kuishikilia. Ikifaulu, nitarudi kazini. Isipofaulu, jicho linaweza kwenda lote.

“Na miwani?” nikauliza. “Nikibaki nayo tu?”

“Unaweza kuishi nayo,” akasema. “Utaanguka-anguka, lakini utaishi.”

Nikatoka nikiwa nimeshaamua kukataa. Nilimwambia Papa Gloire kwamba nimezoea, kwamba lenzi mpya itanizibia ile rangi, kwamba ni watu wangapi duniani wamepewa kuiona. Nilizungumza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, tukiwa tumekaa kwenye mawe nyuma ya nyumba, mimea ya maboga imeshakauka.

“Usisingizie maua,” akasema. “Sema uko na woga.”

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

“Niko na woga,” nikasema. “Jicho iko moja, Papa Gloire. Ikienda, mimi nitakuwa mutu ya kushikwa mukono mpaka kwenye choo.”

“Na mimi niko na woga. Lakini unaanguka kila siku. Siku moja utaanguka kwenye barabara. Ukikataa, nitakushika mukono. Ukikubali, nitakushika mukono. Chagua weye.”

Sikuchagua siku ile. Niliwaza wiki nzima. Wewe unayengoja uamuzi wa namna hii, sitakuambia fanya au acha, kwa sababu sijui jicho lako. Nitakuambia tu angalia unachokisema sana na unachokinyamazia. Mimi nilisema rangi, rangi, rangi, na nilichokinyamazia ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa na nilikuwa naogopa kupona nusu. Nikaenda nikatia sahihi.

Siku ya mwisho nilichungulia maua yaliyobaki kando ya ukuta wa jirani, ya kichaka, ya njano. Ile nuru ilikuwapo kingoni, tulivu. Niliiaga kama unavyomuaga mgeni mwema ambaye hukujua alikotoka, kisha nikaenda kuoga.

Upasuaji siukumbuki, nakumbuka kungojea. Giza la bandeji, harufu ya spiriti, sauti ya mvua ambayo haikuwa ya msimu. Nilisali kwa Kinande, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili kilinikimbia.

Walinifungua asubuhi. Daktari akaniambia nifumbue polepole. Nikaona kucha zake, halafu vifungo vya koti lake, halafu herufi za ukutani. Zile ndogo kabisa hapana, lakini za katikati nilizisoma zote. Nje ya dirisha palikuwa na kichaka chenye maua. Yalikuwa ya njano, basi. Nilihuzunika, siwezi kuficha.

Kisha wakamwita Papa Gloire.

Mtu aliyeingia mlangoni alikuwa mzee kuliko mume wangu. Ndevu za kidevuni zilikuwa nyeupe. Shati nililomnunulia mwenyewe lilimning'inia mabegani kama la kaka mkubwa. Akatabasamu, na upande mmoja jino halikuwapo.

“Ile jino ilitokaka lini?”

“Zamani. Wakati ya sindano zako.”

“Na hukuniambia?”

“Ningekuambia nini? Ulikuwa na yako.”

Nikamshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Miezi yote ile nimekaa naye bega kwa bega mbele ya kompyuta, nikimwambia pandisha bluu, punguza kijani, naye anazeeka pale pembeni, na hakuna siku nilimwona. Nilimtazama nikilia na jicho langu hilo moja, mpaka akaanza kuona haya mbele ya daktari.

“Inatosha, Mama Gloire,” akasema. “Utachokesha jicho.”

“Acha ichoke,” nikamwambia.